Ukali wa Zoezi na Mwili Uliochongeka: Somo kwa Vijana wa Masasi na Newala

Kijana wa Newala aliyekulia kwenye palizi ya mikorosho, aliyebeba ndoo na magunia tangu utotoni, ana haki ya kuuliza swali ambalo vitabu vingi vya mazoezi havimjibu: ikiwa misuli hujengwa kwa kazi, kwa nini yake haikujaa kama ya mtu wa mjini anayeshinda ofisini na kunyanyua vyuma saa moja tu jioni? Mwenzake wa Masasi ana swali linalokaribiana na hilo. Kila alfajiri hupiga pushapu mia moja, amefanya hivyo mwaka mzima, na kifua chake ni kilekile cha mwaka jana. Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo ni ukali wa zoezi. Tumeona vema kulieleza kwa kirefu, kwa kuwa kijana asiyelipata jibu hilo huweza kwenda kulitafuta kwenye vidonge vya kuongeza mwili, ambavyo navyo tutavizungumzia kabla ya kumaliza.

Mwili hujifunza kupunguza gharama

Masasi iko kwenye nchi ya tambarare yenye milima ya mawe iliyosimama mmojammoja. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo nchi hukatika ghafla na bonde la Ruvuma likaonekana kwa mbali. Udongo wa uwanda ule hunyonya mvua upesi, na maji hujitokeza chini, kwenye miteremko na mabonde. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alieleza jinsi wenyeji wa juu walivyoshuka kuyafuata maji na kuyapandisha tena. Mradi wa maji wa Makonde, wenye chanzo chake Mitema, umewapunguzia watu wengi safari hiyo, ingawa siku bomba linapokauka ndoo hurudi kichwani. Kwa hiyo vizazi kadhaa vya wanawake wa Newala wamefanya zoezi la miguu ambalo mwanariadha yeyote angeliheshimu. Hata hivyo, si kawaida kumwona miongoni mwao mwenye mapaja ya mnyanyua vyuma.

Ili kuelewa sababu, twende kwanza nchini Kenya, ambako kazi ya kubeba mizigo ilipimwa kwa vyombo vya maabara. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake juu ya wanawake wa Kijaluo wanaobeba mzigo kichwani na wa Kikuyu wanaoubeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Watafiti walipima oksijeni iliyotumiwa na wanawake hao walipokuwa wakitembea, bila mzigo na wakiwa nao. Mzigo wenye uzito wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya oksijeni hata kidogo. Mwanamke wa kilo 50 alibeba kilo 10 kana kwamba hakubeba kitu. Mwaka 1995 baadhi ya watafiti hao walionyesha kwamba siri ilikuwa kwenye mwendo wenyewe: kwa miaka mingi ya kubeba, wanawake hao walikuwa wamejifunza kuutumia mwili kama timazi inayobembea, hivyo nguvu ya hatua moja haipotei bali hurithiwa na hatua inayofuata.

Utafiti ule ulihusu mwendo wa tambarare, na kupanda mteremko wa Newala kuna gharama ambayo hakuna ufundi wa kuikwepa kabisa. Lakini kanuni ni ileile. Mtu anaporudia kazi kila siku, mwili wake hutafuta namna ya kuifanya kwa nafuu. Jembe hushikwa mahali panapopunguza uchovu, gunia huwekwa begani pale linapotulia, mwendo hupimwa ili mtu afike jioni akiwa bado na pumzi ya kupika. Huo ni werevu mkubwa, na bila huo mkulima asingemaliza ekari moja. Mwili hupata moyo imara, mapafu yenye uwezo na misuli isiyochoka upesi. Haupati sababu ya kuongeza unene wa misuli, kwa kuwa msuli mnene ni mali ya gharama: unahitaji kulishwa hata wakati umelala.

Zoezi la kujenga misuli linakwenda kinyume cha werevu huo. Linamtaka mtu kwa makusudi aufikishe msuli mahali ambapo nafuu zote zimekwisha.

Ukali hupimwa wapi

Neno ukali huwachanganya wengi. Wako wanaodhani ni jasho, wengine maumivu ya kesho yake, wengine kuhema. Yote hayo huweza kuwapo bila msuli kujengeka. Kutoka jasho saa nane mchana Masasi hakuhitaji zoezi lolote.

Kila msuli umegawanyika katika makundi ya nyuzi, na kila kundi linatawaliwa na neva yake. Yapo makundi madogo yasiyochoka haraka, na yapo makubwa yenye nguvu nyingi na yenye nafasi kubwa ya kunenepa. Elwood Henneman wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuonyesha mwaka 1957 kwamba mwili huyaita makundi haya kwa utaratibu: madogo kwanza, makubwa baadaye, pale tu haja inapozidi. Kutembea na ndoo huyaita yale ya kwanza. Yale makubwa hubaki yamelala, kama vijana walioambiwa wasubiri hadi wazee wachoke.

Ziko njia mbili za kuyaamsha. Ya kwanza ni kunyanyua kitu kizito mno tangu mwanzo, kama wafanyavyo wanyanyua vyuma. Ya pili ni kunyanyua kitu chepesi kiasi, lakini kwa kurudia mpaka makundi madogo yachoke na mwili ulazimike kuyaita makubwa. Swali lililowashughulisha watafiti ni kama njia ya pili huleta matokeo sawa na ya kwanza. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliwafundisha vijana kunyanyua kwa miguu muda wa wiki 10. Baadhi ya miguu ilinyanyua asilimia 80 ya uzito wa juu kabisa ambao mguu uliweza, mingine asilimia 30 tu, na yote ilifanya kazi hadi ikashindwa kuendelea. Misuli iliyonyanyua asilimia 30 ilinenepa sawasawa na ile ya asilimia 80. Mwaka 2016 chuo hichohicho kilirudia jambo hilo kwa wanaume 49 waliokuwa na uzoefu wa mazoezi, kwa wiki 12, na matokeo ya unene wa misuli yakawa hayohayo. Nchini Japani ikaonekana mwaka 2017 kwamba pushapu zilizopangwa vizuri zilinenepesha kifua na mikono sawa na kunyanyua chuma chepesi kitandani.

Habari hii ina uzito mkubwa kwa mtu asiye na ukumbi wa vyuma. Inamwambia kwamba uzito wa mwili wake unatosha, kwa sharti moja: kila mkupuo wa zoezi ufike karibu na ukomo. Iko pia mipaka yake. Mzigo ukishuka hadi kuwa mwepesi mno, karibu asilimia 20 ya uwezo wa mtu, faida hupungua hata akirudia mpaka achoke. Kwa mapaja yaliyozoea mteremko, kutembea na ndoo huangukia huko chini, na ndiyo maana safari elfu moja za maji hazikufanya kazi ya mikupuo michache iliyo mikali.

Sasa tumrudie kijana wa pushapu mia. Tukichunguza hesabu yake, pengine tutaona kwamba huzigawa mara tano, ishirini ishirini, na kwamba akikazana angeweza arobaini kwa mkupuo mmoja. Maana yake ni kuwa kila mkupuo anauacha katikati. Miezi miwili ya kwanza ishirini zilikuwa kali kwake; mwili ukazizoea, naye akabaki na idadi ileile kwa kuwa mia ni namba inayopendeza kusikika. Makundi makubwa ya nyuzi hayajaitwa tangu wakati huo.

Namna ya kujua kwamba ukomo uko karibu ni kuangalia mwendo. Mtu akisukuma kwa nguvu zote na bado mwili unapanda polepole kuliko mwanzo, amebakiza rudio moja, mawili au matatu. Hapo ndipo pa kusimama katika mikupuo mingi. Si lazima kila mkupuo ufike mahali pa kuanguka kifudifudi. Kufanya hivyo kila mara huongeza uchovu kuliko faida. Lakini wanaoanza karibu wote hujidanganya kwa kudhani wamefika ilhali wamebakiza kumi. Kwa hiyo tunashauri kwamba mara moja kwa wiki, katika mkupuo wa mwisho, mtu aendelee mpaka ashindwe kabisa, ili aujue ukomo wake ulipo.

Kuuongeza mzigo bila chuma

Mnyanyua vyuma huongeza kilo. Mwenye mwili wake pekee hubadilisha pembe, mwendo na idadi ya viungo vinavyosaidia. Pushapu ni mfano mzuri kwa kuwa imepimwa. Katika pushapu ya kawaida mikono hubeba karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili. Mtu akipiga magoti, hubeba takriban nusu. Akiweka mikono juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 60, mzigo hushuka hadi asilimia 41 hivi. Akiiweka miguu juu ya kitu hicho na mikono ikabaki chini, hupanda hadi asilimia 74. Kwa kijana wa kilo 60, kuhama kutoka mikono juu hadi miguu juu ni kuongeza karibu kilo 20, bila kununua chochote.

Kwa hiyo anayeanza, awe kijana au mama wa miaka hamsini, achague pembe inayomfikisha karibu na ukomo kati ya marudio 8 na 20. Akiweza kuvuka 25 au 30, wakati wa kuhama umefika. Baada ya miguu kuwa juu ya jiwe au benchi, kuna kushuka polepole kwa hesabu ya nne, kusimama kidogo kifua kikikaribia ardhi, kusogeza mikono karibu karibu, na mwishowe kuegemea zaidi mkono mmoja. Kiroba cha mchanga mgongoni nacho ni halali. Hakuna sheria inayokikataza.

Miguu ya watu wa huku ina tatizo la kipekee, ambalo ni uimara wake. Kuchuchumaa na kusimama kwa miguu miwili hakutamchosha msichana wa Newala hata akifika sitini. Afanye kwa mguu mmoja: apande juu ya jiwe au kigoda imara chenye kimo cha goti, ashuke polepole kwa mguu uleule bila kujisukuma kwa ule wa chini. Wengi watashangaa kwamba kumi zinatosha kuyachoma mapaja yaliyopanda mteremko maisha yote. Kwa ndama za miguu, asimame kwa ncha za vidole vya mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, kisigino kikishuka chini ya ukingo kabla ya kupanda.

Mgongo husahauliwa, kwa sababu hauonekani kwenye kioo. Kazi ya palizi na kuokota korosho humwinamisha mtu kwa miezi, na misuli ya kati ya mabega hulegea kwa kunyooshwa. Dawa yake ni kujivuta: kuning'inia kwenye tawi la mwembe na kujiinua mpaka kidevu kivuke tawi, au kwa asiyeweza bado, kulala chali chini ya meza nzito, kushika ukingo wake na kuuvuta mwili juu huku visigino vikibaki chini. Tawi lipimwe kwanza kwa kuning'inia karibu na ardhi. Magoli ya mpira yasiyochimbiwa vizuri yasitumiwe kabisa. Yameua watoto katika nchi nyingi kwa kuwaangukia.

Mtu anayefanya mazoezi haya matatu, kusukuma, kujivuta na miguu, mikupuo mitatu kila moja, siku tatu kwa wiki zisizofuatana, anatimiza na kuzidi pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2020, linalotaka watu wazima waitie nguvu misuli yao walau siku 2 kwa wiki. Kati ya mikupuo apumzike dakika mbili au tatu. Wengi hukimbiza mapumziko wakidhani ndiyo ukali; matokeo yake ni kwamba pumzi hukatika kabla ya msuli, na msuli ndio tuliokuja kuushughulikia. Msimu wa korosho unapoanza, tangu Oktoba hivi, na siku nzima ikawa ya kuokota na kubeba, apunguze mikupuo hadi mmoja au miwili lakini asiupunguze ukali. Misuli hutunzwa kwa kazi ndogo kuliko iliyoijenga.

Nguvu itaanza kuongezeka katika wiki mbili au tatu za mwanzo, kabla msuli haujaonekana kubadilika. Moritani na deVries walieleza mwaka 1979 kwamba ongezeko hilo la awali hutokana zaidi na neva kujifunza kuyaita makundi ya nyuzi, na unene hufuata baadaye. Jicho litaona tofauti baada ya wiki 8 hivi, wakati mwingine zaidi. Wengi huacha katika wiki ya tano.

Kuchongeka ni nini hasa

Vijana husema mwili umekatika, wakimaanisha kwamba mistari ya misuli inaonekana. Mstari huo huhitaji vitu viwili: msuli ulionenepa, na tabaka la mafuta chini ya ngozi lililo jembamba. Zoezi la tumbo haliyeyushi mafuta ya tumbo peke yake. Jambo hilo lilijaribiwa Marekani, watu wakafanya mazoezi ya tumbo kwa wiki sita, na mafuta ya tumbo hayakupungua.

Hata kazi nyingi haiyamalizi mafuta kama tunavyodhani, na ushahidi mmojawapo ulipatikana hapahapa Tanzania. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa kwa siku na Wahadzabe wa Bonde la Eyasi, watu wanaowinda, kuchimba mizizi na kutembea mwendo mrefu kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe hawakutumia nishati zaidi ya wakazi wa Marekani na Ulaya wanaoketi kutwa. Mwili wenye kazi nyingi hubana matumizi yake mahali pengine. Kwa hiyo mwenye kitambi, awe mfanyabiashara wa Masasi mjini au mtumishi wa ofisini, hataweza kukiondoa kwa kukimbia pekee. Sahani ndiyo yenye sauti kubwa zaidi.

Lakini hapa ni lazima tutofautiane na mafundisho yanayotoka nchi za mbali, ambayo karibu yote humwambia msomaji apunguze kula. Kijana wa kijijini Newala mwenye urefu wa sentimita 170 na kilo 55 hana mafuta ya kupunguza. Mistari yake haionekani kwa kuwa msuli wenyewe haujanenepa, na akipunguza chakula atapunguza hata huo alionao. Huyu aongeze chakula. Msichana naye ajue kwamba mwili wa kike huhitaji mafuta zaidi kuliko wa kiume, na kwamba kujinyima huku akifanya mazoezi makali kunaweza kusimamisha hedhi na kudhoofisha mifupa.

Chakula cha kujenga msuli ni chenye protini. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku zinatosha, na kwamba kuzidisha hapo hakuongezi kitu. Kwa kijana wa kilo 60 ni gramu 96. Ugali wa muhogo, chakula kikuu cha uwanda, una protini kidogo sana, nao peke yake hautamfikisha popote. Lakini tuangalie kilichopo sokoni: mayai mawili yana gramu 12, bakuli la mbaazi zilizopikwa, la gramu 200, lina 14 hivi, bakuli kama hilo la kunde 15, gramu 30 za dagaa wakavu takriban 18, konzi mbili za karanga, yaani gramu 50, lina 12 au zaidi, na ugali wa mahindi uliopikwa kwa gramu 300 za unga huleta 24. Jumla yake ni 95. Hakuna unga wa kopo uliohitajika. Korosho ni chakula chema pia, ila gramu 50 zake zina protini 9 na mafuta zaidi ya 20, hivyo zimfae anayetaka kuongeza mwili kuliko anayetaka kupunguza. Kama kuna kitu cha kuepuka msimu huo ni ulevi wa uraka na gongo: unywaji mwingi baada ya zoezi hupunguza kwa kiasi kikubwa kazi ya mwili ya kujenga msuli, hata kama mtu amekula protini ya kutosha.

Vidonge

Katika miji ya Afrika Mashariki huuzwa kiholela vidonge vinavyosifiwa kuongeza mwili. Vingi ni deksamethasoni au prednisoloni, ambazo ni dawa za kweli, zinazookoa maisha zikitolewa na daktari kwa sababu maalumu. Mtu anayezimeza ili anenepe huona uso ukijaa na mashavu yakichanua ndani ya wiki chache, naye hufurahi. Ukweli ni kwamba amejaa maji na mafuta. Msuli wake unavunjwa na dawa hiyohiyo, hasa mapajani na mabegani, mpaka wengine hushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Sukari ya damu hupanda, shinikizo la damu hupanda, kinga hushuka, na kifua kikuu kilichokuwa kimelala huweza kuamka. Aliyezitumia kwa wiki kadhaa asiache ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huwa zimeacha kutoa homoni yake, na kukatisha kwa ghafula kunaweza kuua. Aende hospitali aseme ukweli, apunguziwe dozi taratibu. Siproheptadini, inayochanganywa nazo mara nyingine, huongeza hamu ya kula na usingizi. Haimjengi mtu msuli wowote.

Sindano za testosteroni zinazotumiwa na baadhi ya wanyanyua vyuma hunenepesha msuli kweli, hatuwezi kulificha hilo. Huzima pia korodani. Mbegu za kiume hupungua au kutoweka, na kurudi kwake huweza kuchukua miezi mingi.

Wanaopaswa kuanza kwa tahadhari

Tanzania huzaa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na walio wengi zaidi ni wale waliorithi kinasaba kimoja tu kutoka kwa mzazi mmoja. Hao si wagonjwa, na wengi hawajui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 juu ya askari weusi wapatao 48,000 wa Jeshi la Marekani uliona kwamba wenye kinasaba kimoja hawakufa zaidi ya wenzao, lakini walipata zaidi ugonjwa wa misuli kuvunjikavunjika baada ya kazi kali, hatari yao ikiwa juu kwa karibu asilimia 50. Wanaweza kufanya mazoezi tuliyoyaeleza. Wapandishe ukali polepole kwa wiki kadhaa, wanywe maji, wafanye alfajiri au jioni, na waache mara misuli inapolegea na kuuma katikati ya zoezi. Mwenye selimundu kamili apate kwanza ushauri wa kliniki yake.

Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi anapojisukuma. Atoe pumzi wakati wa kupanda. Anayechoka kupita kiasi kwa kazi ndogo, mapigo yakimwenda mbio na viganja vikiwa vyeupe, apimwe damu kabla ya kulaumu uvivu wake, kwa kuwa malaria na safura huacha upungufu wa damu ambao hakuna pushapu inayoutibu. Na yeyote ambaye siku moja au mbili baada ya zoezi kali ataona misuli imevimba na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, asisubiri upite wenyewe. Hiyo ni misuli iliyovunjika ikiziba figo. Anywe maji akiwa njiani, na siku hiyohiyo afike hospitali, iwe Mkomaindo, Ndanda au ya wilaya ya Newala, na amweleze mganga zoezi alilofanya na saa alilolifanya.